Wenye mlio masikioni: sauti ikibadilika si lazima tatizo liwe linakua. Njooni tujadili

Fundi wa Mitambo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani nyuzi za kuuliza dawa ya masikio kulia ni nyingi, na nyingi zinaishia kwenye majibu mawili: tia mafuta ya kitunguu saumu, au nenda kaombewe. Huu nauanzisha kwa jambo ambalo halizungumzwi kabisa. Mlio hautulii kwenye sauti moja. Leo unalia hivi, mwakani vile, na kila unapogeuka mwenye nao anashtuka upya kama siku ya kwanza. Halali, anaanza kusaka mitandaoni, anaangukia mikononi mwa wauza dawa. Nataka tuelezane mabadiliko yapi ni ya kawaida na yapi yanatakiwa kukupeleka hospitali leo hii.

Mimi ni fundi wa mitambo ya muziki, kanda ya ziwa huku. Harusi, mikutano ya injili, kampeni. Mlio wangu ulianzia sikio la kulia, upande ambao spika hunikaa nikiwa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Sauti nyembamba, imenyooka, haipumui. Kwa kuwa kazi yangu ni sauti, niliupima: kuna programu za simu zinazotoa toni moja, unaweka sauti ya chini kabisa, unapandisha toni polepole mpaka inakutana na ile ya kichwani. Yangu ilikutana kwenye kilohezi 6 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti).

Ikakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaizoea. Halafu ikaanza kutawanyika, ikawa "shiii" ya redio iliyopoteza stesheni, ile toni ikawa inachungulia kwa ndani. Baadaye ikahama kabisa, si kulia tena, ni katikati ya kichwa. Siku hizi ni nyenje, wale wa jioni kwenye miembe. Na nikikesha kazini mfululizo inarudi ile toni ya zamani pamoja na mvumo wa chini wa jenereta. Huo mvumo ndio ulionitoa nje usiku kwenda kuangalia kama jirani kawasha jenereta kweli. Kwa wanaosumbuliwa na mvumo wa namna hii, kuna njia rahisi ya kutambua: ziba masikio yote mawili kwa vidole. Mvumo ukipungua, chanzo chake kiko nje. Ukibaki au ukizidi, ni wako.

Kwa nini unabadilika? Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, na humo kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya umeme ya kwenda kwenye ubongo. Ndege chembe zao zikifa zinaota nyingine. Za binadamu zikifa hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni mwa koklea, na kelele za kazini huanza kula eneo la kilohezi 3 mpaka 6. Ndiyo maana wengi wetu tuliokaa na kelele mlio wetu ni mwembamba.

Sasa ubongo ukikosa taarifa kutoka eneo fulani, unapandisha geni, yaani ule ukuzaji wa sauti kwenye mtambo. Mafundi wenzangu watanielewa haraka: pandisha geni kwenye chaneli ambayo maiki yake haina mtu, utasikia shiii. Hakuna anayeongea, ni mtambo wenyewe unajisikia. Mlio wetu uko hivyo. Chanzo kinaweza kuwa sikioni, lakini sauti inatengenezwa huko juu. Wapo watu waliokatwa mshipa wa fahamu wa usikivu wakati wa upasuaji na bado wakaendelea kuusikia.

Ukishalielewa hilo, mabadiliko yanaacha kuwa muujiza. Ubongo haupandishi geni kwa kipimo kimoja siku zote. Usingizi, uchovu, hofu, mafua, vyote vinaigusa. Na kadiri usikivu unavyobadilika na umri, eneo linalokosa taarifa linabadilika, na sauti nayo inabadilika.

Na usidhani mtambo huu umefungwa kwako peke yako. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti na kuwaambia waseme wanachosikia. Asilimia 94 walisikia milio: mvumo, mlio kama wa nyuki, filimbi. Ukimya kamili ukikukuta, karibu kila kichwa kina sauti yake. Na kwa makadirio yaliyochapishwa 2022, wenye mlio duniani ni zaidi ya milioni 740, kama asilimia 14 ya watu wazima, na zaidi ya milioni 120 kati yao unawatesa hasa.

Mabadiliko ambayo nimeyaona kwangu na kwa wengi ninaowafahamu, ambayo hayana haja ya kukukosesha usingizi: kuamka asubuhi na kuukuta umepanda, au kupanda baada ya kulala mchana (huu wa mchana ni mkali kweli, halafu saa moja baadaye umeshuka). Kuuma meno kwa nguvu au kugeuza shingo na ukapanda toni. Jaribuni sasa hivi, wengi mtaona, kwa sababu mishipa ya fahamu ya taya na shingo inakutana na ya usikivu kwenye shina la ubongo. Kupanda wakati wa mafua. Kupotea kwa sekunde kadhaa baada ya kusikia sauti fulani, kisha kurudi. Na ile ya ghafla, sikio moja linaziba, linalia "ziiii", kisha linafifia kabla dakika haijaisha. Hiyo bibi zetu walisema kuna mtu anakuteta, na hata wasio na mlio wa kudumu wanaipata.

Ya kukimbilia hospitali: kusikia kumekata ghafla kwa sikio moja. Hapo usisubiri hata wiki, kwa sababu dawa za steroidi zina nafasi zaidi ya kurudisha usikivu zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza. Mlio mpya wa upande mmoja tu usiotoka. Mlio unaodunda pamoja na moyo. Mlio pamoja na kizunguzungu cha dunia kuzunguka, au uso kulegea, au usaha, au ulioanza baada ya kuumia kichwa.

Nimeandika sana. Karibuni wenye uzoefu.

---

Kinu cha Kati

Mkuu umenena. Mimi nina mashine ya kusaga. Wangu ulianza kama mkanda unaoteleza, ile "wiii" kabla mashine haijachukua mzigo. Sasa hivi ni shiii tu. Ninachotaka kujua: nikiendelea na kazi utazidi? Siwezi kuacha, ndiyo inayolisha watoto. Na nikivaa vizibo masikioni nauzidisha au naupunguza?

---

Fundi wa Mitambo

Mkuu, vaa. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Huna kifaa cha kupimia? Simama umbali wa mkono kutoka kwa mteja. Kama lazima upaze sauti akusikie, umevuka.

Za kufunika sikio zima, zinazovaliwa na mafundi wa grinda, zinakufaa zaidi maana unavua na kuvaa mteja akitaka kuongea nawe, na hazichezewi na vidole vyenye unga. Pamba ya kawaida haisaidii kitu, tusidanganyane.

Ila ukifika nyumbani vua. Wapo wanaoogopa kelele mpaka wanavaa vizibo kutwa, mezani, kitandani. Ubongo uliofungiwa kimya unapandisha geni zaidi. Linda sikio kwenye mashine, nyumbani liache lisikie kuku na watoto.

---

Sista wa Zamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, naomba niongeze upande wa dawa maana haujaguswa.

Waliougua malaria kali miaka ya nyuma wanakumbuka dripu za kwinini: masikio yanavuma, unaongea na mtu unamsikia kwa mbali. Hiyo ni kwinini yenyewe, na kwa kawaida inaondoka dawa ikimalizika. Siku hizi malaria kali inaanzwa na sindano ya atesuneti; kwa watoto, Shirika la Afya Duniani lilielekeza hivyo mwaka 2011, watu wazima walishatangulia. Aspirini ya dozi kubwa nayo inavumisha masikio, ukipunguza inatulia.

Zinazoacha alama ni sindano za kundi la streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini. Hizi zinaua zile chembe alizotaja mwanzisha uzi, na hazioti tena. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliumia sana na kanamaisini, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaiondoa kwenye dawa zinazopendekezwa. Baadhi ya dawa za saratani nazo zimo, sisiplatini hasa.

Ombi langu: ukiwa kwenye matibabu na ukaona mlio umeanza au umebadilika, usiache dawa kimyakimya. Mwambie anayekuhudumia siku hiyohiyo, maana wakati mwingine dawa inabadilishwa au dozi inapimwa upya. Kuacha dawa ya TB kwa kuogopa masikio ni kujiua kwa njia nyingine.

---

Dada wa Makorora

Shikamooni wakubwa. Mimi sina mlio, nimekuja kwa ajili ya bibi yangu, Tanga. Bibi alianza na mvumo tu, akasema bahari imesogea. Baadaye mvumo ukawa nyimbo. Anasikia taarabu, wimbo uleule, ubeti uleule, unarudia na kurudia mpaka alfajiri. Anatuambia tuwaambie majirani wazime redio, na redio hakuna. Kwa mengine yote ana akili zake timamu, anajua nani anamdai na nani anadaiwa. Familia imegawanyika, wajomba wanasema ana mwenyewe kichwani, wanataka apungwe. Mama yangu anasema ni uzee. Anasikia kwa shida pia, lazima umsogelee.

---

Fundi wa Mitambo

Marhaba dada. Sentensi yako ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote: anasikia kwa shida.

Hali hii inafahamika kitabibu na huwapata zaidi wazee ambao usikivu umeshuka. Ubongo uliokosa sauti za nje unajaza wenyewe, na badala ya shiii tupu unajaza kile ulichokihifadhi: kwa mmoja kaswida, kwa mwingine kwaya, kwa bibi yako taarabu ya ujana wake. Kipande kifupi kinachojirudia ndiyo tabia yake hasa. Peke yake siyo wazimu. Ukiona anasikia watu wanaongea naye na kumpa amri, au anachanganya siku na watu, hapo ni jambo jingine, daktari aelezwe.

Mpelekeni kliniki ya masikio, pua na koo. Kwanza watamtazama kama kuna nta imejaa, maana nta peke yake inatosha kumzibia mzee dunia. Kisha apimwe usikivu. Wengi wakipata vifaa vya usikivu nyimbo zinapungua au zinaondoka, kwa sababu sauti za kweli zimerudi. Pelekeni na orodha ya dawa zote anazotumia.

Na usiku msimwache kwenye kimya. Feni iwake, au redio ya kweli kwa sauti ndogo. Mwambieni pia kwamba mnamwamini anasikia. Mzee akiambiwa "hakuna kitu, nyamaza" anateseka mara mbili.

---

Mgeni Jukwaani

Kuna jamaa ananiuzia dawa ya asili yenye jani la ginko, anasema inarudisha chembe za sikio ndani ya miezi mitatu. Bei imenichosha kabla sijainunua. Kuna aliyepona nayo?

---

Fundi wa Mitambo

Weka hela yako mfukoni mkuu. Madaktari wa masikio wa Marekani walitoa mwongozo wao wa mlio mwaka 2014, na ginko, zinki na melatonini zote wakasema zisipendekezwe kwa mgonjwa wa mlio. Chembe za koklea hakuna jani wala kidonge kinachoziotesha. Anayekuambia zitaota ndani ya miezi mitatu anakuongopea, na jambo hili linaniuma kwa sababu anawauzia watu ambao hawajalala.

Mafuta ya saumu nayo achaneni nayo. Kama kiwambo cha sikio kina tundu na hujui, unayapeleka mafuta mahali pasipostahili.

Kilichothibitika kusaidia hakina maajabu: kupimwa usikivu; vifaa vya usikivu kama umeshuka; sauti ndogo ya pembeni hasa usiku; na tiba ya mazungumzo inayokufundisha fikra na mwili wako vipokee mlio kwa namna nyingine. Hii ya mwisho ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Haizimi mlio. Inaondoa mateso, na hilo kwa aliyefika mahali pabaya si jambo dogo.

---

Mzalendo wa Nyali

Wadau, mimi niko Mombasa. Nimesoma uzi wote mara mbili. Wangu nimeishi nao miaka, sauti moja, tumezoeana. Wiki hii umebadilika. Umeshuka toni, halafu kuna kama mapigo, "wuu, wuu, wuu". Kila usiku nazima feni nilinganishe na jana, narekodi kwenye daftari, namba kutoka moja hadi kumi. Juzi tisa, jana tisa, leo kumi. Sijalala vizuri tangu ubadilike. Nawaambieni ukweli, kuna usiku nimefikiria mambo ambayo baba wa watoto hapaswi kuyafikiria.

---

Fundi wa Mitambo

Kaka, nimeacha kila kitu nikujibu.

La kwanza, hilo la mwisho ulilolisema. Leo hii mwambie mtu mmoja wa karibu, kwa mdomo, kama ulivyotuambia sisi. Mke, ndugu, imamu, yeyote. Usilale peke yako chumbani na fikra hizo. Zikikuzidi, nenda hospitali hata saa nane usiku na useme hivyohivyo. Wataalamu wa akili wanawaona wagonjwa wa mlio na wanajua kukosa usingizi kunampeleka mtu wapi.

La pili, hayo mapigo. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono, chini ya gumba, usikilize kama "wuu" inakwenda sawasawa na mshipa. Kama zinalingana, nenda ukaonwe bila kuvuta siku. Mara nyingi kinachopatikana kinatibika: presha, upungufu wa damu, tezi ya shingo. Wakati mwingine ni mishipa ya damu karibu na sikio, au presha ya maji ya kichwani, na hiyo inaweza kuathiri macho, kwa hiyo kama kichwa kinauma au macho yanaona ukungu sema pia, na usingoje kesho. Mlio wa namna hii ni tofauti na wetu wa shiii kwa sababu mara nyingi ni sauti ya kweli ya damu, na daktari huweza kukuta chanzo chake.

La tatu, daftari. Lifunge. Ukizima feni usiku kuusikiliza mlio, unauambia ubongo kwamba hii sauti ni ya hatari na lazima ifuatiliwe, na ubongo unatii. Namba ya ukubwa haikuelezi kitu maana inapanda na hofu ya anayeandika. Ukitaka kuandika, andika mengine: nililala saa ngapi, leo nilicheka na nani, kazi nilimaliza. Utashangaa mlio ukiwa uleule na hizo zikabadilika.

---

Sista wa Zamu

Naunga mkono yote. Kaka wa Nyali, presha kapime asubuhi hii hii, zahanati yoyote ina kipimo. Na waambie wapime wingi wa damu.

---

Mzalendo wa Nyali

Ahsanteni sana. Nimezungumza na ndugu yangu, amelala hapa kwangu. Mapigo na mshipa vinalingana kabisa. Nimetoka kupima, presha iko juu sana, na mimi sikuwahi kuambiwa nina presha. Kichwa hakiumi, macho yako sawa. Nimeanzishiwa dawa, na nimepewa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio. Ule mlio wangu wa zamani bado upo, ila sasa najua ni vitu viwili. Kuna chochote nimuulize huko?

---

Fundi wa Mitambo

Mwambie kwanza lile la mapigo kulingana na mshipa, kabla ya kingine chochote, na upande unaousikia zaidi. Aweke kipimo chake cha kusikilizia shingoni na nyuma ya sikio. Mweleze tarehe ulipobadilika na dawa zote unazotumia.

Kisha ukapimwe usikivu. Utaingizwa chumba cha kimya na kuvishwa hedifoni. Mlio wako utapiga kelele humo ndani, usiogope, na usibahatishe: bonyeza pale tu unaposikia toni yao. Kama unazichanganya na zako, mwambie mpimaji atumie toni inayokatikakatika. Kipimo cha kawaida kinakwenda kutoka hezi 250 mpaka 8,000. Ukimaliza, omba nakala ya ile chati na uitunze nyumbani. Mwakani mlio ukigeuka tena, utakuwa na karatasi ya kulinganisha nayo, na daktari atajua mara moja kama usikivu umesogea au ni uchovu tu.